Chupi za Mnarani

Servando Butrón alikuwa mwongo wa kuaminika. Kwa miaka ishirini na saba aliwazungusha wageni katika mji wa Cádiz, akiwaonyesha makanisa, ngome na minara, na muda wote huo hakubadili uongo wake hata mara moja. Mgeni aliyemsikia akiwa kijana, akarudi na wajukuu, alikuta kila neno liko palepale alipoliacha. Wako wasomi wengi wasioweza kujisifia hivyo.

Hakudanganya kila kitu, msinielewe vibaya. Kuhusu kanisa kuu alisema kweli tupu, kwa sababu kanisa lile halihitaji kusaidiwa. Lilijengwa kwa miaka mia moja na kumi na sita, fedha zikaisha katikati, ndiyo maana chini ni marumaru na juu ni mawe ya bei poa, kama mtu aliyevaa viatu vya harusi na kofia ya shamba. Chumvi ya bahari inakula dari yake tangu hapo, na ndani wamefunga nyavu ili vipande visimpasue mtu kichwa. "Hapa watu wanasali kwa dhati," Servando aliwaambia wageni, "maana hujui dari itaamua lini."

Kuhusu mizinga mikongwe ya vita iliyochimbiwa kwenye kona za nyumba, ili magurudumu ya magari ya farasi yasikwangue kuta, alisema, "Miji mingine mizinga yao iko makumbusho. Sisi mbwa wetu wanaikojolea." Hilo nalo ni kweli, na ushahidi ulipatikana papo hapo mara nyingi.

Uongo alikuwa akiutunzia kituo cha mwisho. Matajiri wa zamani walijenga minara juu ya mapaa yao ili waone meli zao zikirudi kutoka Amerika kabla jirani hajaziona, na minara zaidi ya mia moja bado imesimama. Mmoja wapo, mwembamba, wenye rangi ya samli, uko karibu na uwanja wa Mentidero. Jina la uwanja huo maana yake ni mahali pa kuongopeana, kwa hiyo mtu asije akadai kwamba hakuonywa.

"Hapa," Servando alikuwa akisema, akivua kofia, "aliishi Bi Brígida wa Colarte, mke wa tajiri wa kakao, miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Mume aliipenda kakao. Bi Brígida akampenda nahodha. Wakapatana ishara. Chupi nyeupe mnarani: mume hayupo, panda. Chupi nyekundu: mume yupo, baki melini kwako. Ikaenda vizuri miaka minne. Kisha dobi akazifua pamoja, zikatoka za rangi ya waridi. Nahodha akazitazama, asijue apande au asipande. Akapanda nusu. Alisimama kwenye ngazi ya hamsini na sita usiku kucha, na ukienda leo utaikuta imebonyea."

Ngazi ya hamsini na sita imebonyea kweli. Imebonyeshwa na ndoo.

Hapo sasa ndipo pa kusimulia ilivyokuwa. Bi Brígida wa Colarte hakuwahi kuwepo. Aliyekuwepo ni Brígida Lainez, dobi na mfagiaji wa ngazi katika nyumba hiyohiyo, mwenye ndoo ile, aliyepewa chumba kimoja juu ya paa, chini ya mnara. Mumewe alikwenda Ujerumani kutafuta kazi, akaipata, akaisahau njia ya kurudi. Mwenye nyumba aliishi Madrid, na msimamizi wake, Don Aquilino, mtu mwenye masharubu membamba na moyo mwembamba zaidi, aliandika katika mkataba kwamba chumba ni cha mtu mmoja. Brígida akatia saini. Hakumwambia kwamba ana mtoto wa miaka mitano, maana Don Aquilino hakuuliza.

Ikabidi mtoto huyo, Servando, aishi bila kuonekana. Shule ya mapadri ilikuwa mitaa mitatu kutoka hapo, na kutoka uwanja wake mnara ulionekana vizuri. Kila mchana, wenzake walipokimbilia nyumbani kula, Servando alisimama kwanza akatazama juu. Chupi nyeupe ya mama ikipepea, njia ni salama, panda ule. Chupi nyekundu, Don Aquilino yuko ndani ya nyumba anapima vumbi kwa kidole. Hapo Servando alikwenda kukaa kwenye benchi lililo ng'ambo ya mlango, karibu na mzinga, akajifanya mtoto wa watu wengine. Siku nyingine alisubiri nusu saa. Siku nyingine kengele ya shule ililia tumbo lake likiwa tupu bado, akarudi darasani hivyohivyo.

Nyekundu ile ilishonwa kutokana na vazi la shetani la kanivali, lililobaki baada ya jenerali aliyekuwa akitawala nchi kupiga marufuku kanivali yenyewe. Ilikuwa nyekundu ya kuumiza macho. Polisi alipanda siku moja ngazi zote mia na kumi na tatu, akihema, akauliza ni bendera ya chama gani ile. Brígida akaishusha, akaikunjua mbele yake, akasema, "Ya chama cha makalio yangu, afande. Mwanachama ni mmoja." Polisi akashuka. Katika mji huu hata polisi anajua wapi pa kuishia.

Servando alikua, akafanya kazi ya kuchomelea vyuma melini mpaka karakana ilipopunguza watu, na usiku wa kanivali, ilipofufuka, aliwatungia nyimbo za mzaha wenzake kumi na mmoja. Mwaka wa themanini na nne walivaa kama magodoro wakaimba habari za Bi Brígida, mke wa tajiri, na chupi zake. Mama yake alikaa mstari wa mbele. Alicheka hadi akashikwa na kwikwi, na walipofika nyumbani alimwambia, "Umenioza kwa tajiri, mwanangu, ahsante. Ila ungeniacha na chupi mbele ya watu mia nane."

"Uliona aibu, mama?"

"Aibu ya nini? Zilikuwa safi."

Huyo ndiye Bi Brígida. Alifariki mwaka mmoja kabla ya Servando kuanza kuongoza wageni, akamwachia kile chumba cha paa, ambacho mkataba wake sasa ulikuwa na jina la Servando, na sanduku la nguo.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mtu mmoja asiyecheka. Katika miaka ya mwanzo ya kazi ya Servando, katikati ya kundi la wageni waliokuwa wamejishika mbavu, alisimama msichana kutoka Valladolid mwenye miwani na daftari, akiandika. Jina lake lilikuwa Leocadia Urquijo. Hadithi ilipokwisha akanyoosha kalamu.

"Chanzo chake ni nini?"

"Simulizi za wazee," Servando alijibu, macho makavu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Mtu yeyote wa Cádiz angejua la kufanya na jibu kama lile. Hapa mzaha unatolewa kwa uso wa msiba, na unapokelewa hivyohivyo, na kuna sheria moja tu: anayefafanua mzaha ndiye anayewalipia wote vinywaji. Basi Servando hakufafanua. Leocadia naye alitoka bara, kwa watu ambao wakisema jambo huwa wamelisema. Akaandika: *simulizi za wazee*.

Miaka ikapita. Leocadia akawa daktari wa historia. Tasnifu yake ikawa sura ya kitabu, sura ikawa ukurasa wa kijitabu cha kijani cha waongozaji, na ukurasa ukawa kibao cha vigae ukutani, chini ya mnara, chenye herufi za buluu: MNARA WA LESO. Maana njiani, mahali fulani kati ya daftari na kibao, mtu mwenye adabu zake alizivua zile chupi. Sasa Bi Brígida alikuwa akimpungia nahodha leso ya hariri.

Servando aliliona hilo akacheka wiki nzima. Aliwasimamisha wageni mbele ya kibao, akawaambia, "Someni, kisha msahau." Alikuwa bado anacheka pale ofisi moja ya mkoa ilipotangaza kwamba kuanzia majira ya kuchipua hakuna mtu atakayeongoza wageni mitaani bila kibali, na kibali hakipatikani bila mtihani, na mtihani utatoka katika kijitabu cha kijani. Servando alikuwa na miaka sitini na mbili. Akikosa kibali, amekosa kazi. Na kazi nyingine ya mtu wa miaka sitini na mbili, ambaye ujuzi wake ni kuchomelea meli zisizokuwepo na kusifia kanisa linalobomoka, hakuijua iko wapi.

Alisomea sokoni, kwenye meza ya samaki ya rafiki yake Chano, mmoja wa magodoro yale kumi na mawili. Chano aliparua magamba huku kijitabu kimeegemezwa kwenye kichwa cha samaki.

"Thieta ya Warumi iligunduliwa mwaka gani?"

"Themanini. Chini ya nyumba za watu."

"Mia kwa mia. Sasa hii hapa. Bi Brígida alipeperusha nini?"

Servando akaanza kuhesabu dagaa mezani.

"Kaka, nakuuliza, alipeperusha nini?"

"Chupi."

"Leso," alisema Chano. "Sema le-so. Mdomo unafunguka kidogo tu, angalia. Leso."

"Chano, chupi zile unazijua. Ulikuwa unakaa nami kwenye lile benchi."

"Nazijua kuliko unavyodhani, mama yangu alikuwa anazionea wivu. Lakini wale hawataki chupi, wanataka leso. Wape leso, chukua karatasi yako, ukitoka nje uvue hadithi nguo zote unavyopenda. We unaogopa nini? Umedanganya miaka ishirini na saba, sasa kudanganya dakika kumi kunakushinda?"

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri dagaa wake alisema hata yeye angesema leso, akipewa pensheni. Ikaamuliwa. Servando akaapa juu ya kichwa cha samaki kwamba atasema leso.

Mtihani wa kuandika alipita kwa tabu. Wa mdomo ulifanyika katika ukumbi wenye picha za maaskofu, mezani wamekaa watu watatu: karani wa kike, bwana mmoja mnene aliyekuwa akinyonya pipi ya mnanaa, na katikati yao, mwenye miwani ileile au binti wa miwani ile, Daktari Leocadia Urquijo.

Alijibu habari za kanisa kuu bila kutaja uwezekano wa kufa. Alijibu habari za Warumi, za malango ya mji, za ngome mbili zilizoko ufukweni. Bwana wa pipi alikuwa akitikisa kichwa kwa ridhaa. Kisha Daktari akafungua ukurasa wa mia na arobaini na tatu.

"La mwisho. Tueleze kuhusu Mnara wa Leso."

Servando akapiga moyo konde. Akaeleza tajiri, kakao, nahodha. Alipofika penyewe akasema "leso," na wala paa halikumwangukia. Daktari akaweka alama karatasini.

"Vizuri. Leso ya hariri ya China, kwa usahihi. Nakumbuka zamani nilikusikia ukisema kitu kingine."

"Ndiyo, Daktari. Zamani."

"Ni upotoshaji wa mitaani. Mwongozaji mwenye kibali anatakiwa awasahihishe watu, sio kuwafuata. Kwa nini, kwa maoni yako, watu walilibadilisha jambo la heshima namna ile wakalifanya jambo la aibu?"

Hilo halikuwamo kijitabuni. Lilikuwa swali la ukarimu, la kumwongezea alama. Angeweza kusema ujinga, akasema umaskini, akasema chochote. Servando alitazama mikono yake. Alikuwa amekwisha kulisema lile neno, kibali kilikuwa kimeshafika nusu ya meza.

"Haikuwa aibu," alisema. "Zilikuwa safi."

"Unasemaje?"

"Chupi. Zilifuliwa kila Jumatatu, kwa majivu na jua."

Karani akaacha kuandika. Bwana wa pipi akaihamisha pipi shavu la pili.

"Daktari, huyo Bi Brígida wa Colarte nilimtunga mimi, mwaka themanini na nne, nikiwa nimevaa godoro. Nahodha hayupo. Leso haipo. Ukinishika kwa hilo nitakubali, uongo ni wangu. Lakini chupi zipo, nyeupe moja na nyekundu moja, nimezifungia sandukuni, na mwenyewe alikuwa dobi. Ni mama yangu." Akawaeleza mkataba wa mtu mmoja, na Don Aquilino na kidole chake, na benchi. Hakutia chumvi hata punje; ilikuwa mara yake ya kwanza kusimulia mbele ya watu bila kuvua kofia. "Nikiona nyeupe, nakula. Nikiona nyekundu, nasubiri. Chupi hizo ndizo zilizonilea mimi. Mmezifanya leso, sawa, kibao ni chenu. Lakini msiniambie ni aibu."

Daktari Leocadia alikuwa amekuwa mwekundu, kisha mweupe, na mtu mwingine angeona kichekesho katika mpangilio huo wa rangi. Miaka ishirini na mitano ya jina lake ilikuwa imelala juu ya ile meza, nayo ilikuwa chupi.

"Jibu lililoko kijitabuni," alisema polepole, "ni leso."

"Basi andika leso. Mimi naenda na zangu."

Alipata nne nukta nane. Ilitakiwa tano.

Chano alikuwa akimngoja kwenye baa, naye akaisoma habari usoni mwa Servando kabla haijasemwa.

"Hukusema leso."

"Nilisema. Halafu nikaeleza."

"Ulieleza nini?"

"Mzaha. Wote, mpaka godoro."

Chano alimtazama kwa huruma ya kweli, akamwekea mkono begani. "Ndugu yangu, pole sana," alisema. "Basi lipa." Watu kumi na sita walikuwamo baani siku hiyo, na sheria ni sheria. Kila mmoja alikunywa mvinyo wake kwa heshima, kama matangani.

Zilifuata wiki ambazo sipendi kuzisimulia. Mtu aliyezoea kusema mchana kutwa akikosa wa kumwambia, anaanza kuyasemesha masufuria. Servando alikaa juu ya paa na kusikia, saa tano kamili kila siku, msichana mmoja kutoka Sevilla akilifikisha kundi lake chini ya mnara, ameinua mwavuli wa njano. Alikuwa na kibali kilichoning'inia shingoni. Alikuwa na sauti nzuri. Alisema leso ya hariri ya China, na wageni wakapiga miayo. Kutoka Sevilla, na anakuja kutuchosha sisi kwetu.

Siku ya kumi na moja Servando aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa ile nyeupe. Ilikuwa pana kama foronya mbili, na lastiki ilikwisha kufa zamani. Akaipandisha mnarani, akaibana kwa vibanio vinne kwenye kamba ya mama yake. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuona kitu chenye kweli juu ya kibao kile.

Chini, mwavuli wa njano ulikuwa umefika kwenye hariri. Bibi mmoja wa Kireno, mfupi, mwenye fimbo, akainua kidole.

"Samahani, binti. Ile leso mbona ina miguu miwili?"

Vichwa thelathini vikainuka. Msichana wa Sevilla akainua chake mwisho. Halafu kikaja kicheko, kile cha zamani, kikapanda ukutani mpaka kwenye paa, na Servando aliyekuwa amejificha nyuma ya ukingo akajikuta amesimama wima anapunga kofia.

"Ni ya mama yangu!" aliita. "Maana yake njoo ule!"

Ngoja nieleze sheria, maana Servando aliisoma neno kwa neno baadaye. Kibali kinatakiwa kwa anayeongoza wageni mitaani. Haisemi lolote kuhusu mtu aliyekaa nyumbani kwake, akipanda kwake mgeni, akamkaangia vijichapati vya uduvi, akamsimulia habari za mama yake huku anavigeuza kwenye mafuta. Yule bibi wa Kireno alipanda ngazi mia na kumi na tatu na fimbo yake, akapumzika kwenye ile ya hamsini na sita. Nyuma yake walikuja sita. Kesho yake walikuja kumi na wanne, wakamwachia walichopenda ndani ya kofia. Hakuwadanganya tena. Aligundua kwa mshangao, na kwa kinyongo kidogo, kwamba kweli inachekesha zaidi, na kwamba watu wakishacheka kwa Don Aquilino na kidole chake, wakafika kwenye benchi, wananyamaza wote kwa wakati mmoja.

Ofisi ikaandika barua. Servando akajibu kwamba anapokea wageni, na kwamba mama yake ndiye aliyemkataza kuwanyima chakula. Ofisi ikamtuma mkaguzi. Lakini mkaguzi alipita sokoni kuuliza njia, na sokoni yuko Chano, na kutoka meza ya samaki mnara unaonekana na mtu anaweza kupiga simu. Mkaguzi alipofika chini, mnarani ilipepea nyekundu, mlango umefungwa, na mtaa mzima hauna hata mgeni mmoja. Alikuja mara tatu. Mara zote tatu nyekundu. Wenyeji walipita wakiitazama chupi na kumtazama mkaguzi, na kwa uso wa msiba wakamwamkia.

Mwezi wa kumi, siku ya upepo wa mashariki, ule unaowatia watu wazimu na kuwapatanisha mbwa na paka, Chano akapiga simu. "Mwanamke wa ofisi. Ana miwani. Kauliza bei ya uduvi, hakununua. Pandisha shetani."

Servando akapandisha. Akachungulia kwenye ukingo, na aliyetokea kwenye kona alikuwa Daktari Leocadia Urquijo mwenyewe, nywele zote zimekwenda upande mmoja. Alikuja mpaka mlangoni. Mkono ukaenda kwenye kengele. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akainua uso, akaiona nyekundu inavyopigwa na upepo.

Hakupiga kengele. Alivuka mtaa, akakaa kwenye benchi, karibu na mzinga, mkoba wake magotini. Akasubiri.

"Asubiri," Servando aliyaambia masufuria. Akamenya kitunguu. Akachungulia; bado yupo. Akakoroga unga, akachungulia. Upepo ulikuwa umemnyang'anya skafu yake, ikakwama kwenye mti, naye hakuifuata. Alikuwa anatazama juu tu. Nusu saa ikapita, na robo tatu. Katika miaka yote hiyo, kati ya watu wote waliosoma kibao, na wasomi, na mkaguzi, huyu ndiye wa kwanza aliyekuja akaisoma chupi yenyewe, akaitii.

Servando alikuwa amemwandalia maneno tangu mwezi wa nne, mengine yana utamu wake, na alitaka sana kuyatumia. Lakini ukichungulia kutoka pale mnarani, mtu aliyekaa kwenye benchi lile anaonekana mdogo sana. Hakuwahi kulitazama kutoka juu wakati lina mtu. Mama yake ndiye aliyekuwa akilitazama hivyo, kila siku ya nyekundu, mikono imelowa, Don Aquilino yuko sebuleni. Anamwona mwanawe kule chini na njaa yake, na hawezi kumwita.

Akaketi juu ya ndoo, akalia kidogo, na upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba ungeweza kulaumiwa.

Kisha akapanda mnarani, akatoa vibanio vinne, akaishusha nyekundu. Nyeupe ilimpiga usoni mara mbili kabla hajaibana kambani.

Chini, Daktari Leocadia alisimama, akajifuta vumbi la sketi, akavuka mtaa. Servando akabonyeza kitufe cha mlango wa chini, nao ukalia. Servando akarudi jikoni, akasikiliza viatu vyake vikipanda, polepole, vya mtu asiyezoea ngazi, vikihesabika. Kwenye ngazi ya hamsini na sita, pale palipobonyea, vikasimama. Halafu kutoka kule gizani katikati ya nyumba kikapanda kicheko cha mtu ambaye hakuwa amejizoeza, cha kukwamakwama, kama cha mwenye kwikwi, kikagoma kwisha.

Servando akaongeza unga kwenye bakuli.